Kamyoneti Inapogonga

Maneno ya monitere wa kilimo mbele ya watu wa mugini, wakati wa kuvuna mahindi



Leo sikuja kusema habari za kupanda kwa mistari, wala za magonjwa ya mihogo. Maneno hayo mmeyasikia kwangu mara nyingi, na wengine wamechoka kuyasikia. Leo nataka kusema habari za kamyoneti. Mtaniuliza: Monitere wa kilimo ana kazi gani na motere? Jibu ni hili. Mahindi yakikaa mugini si mali bado, ni chakula cha panya na fukusi. Yanakuwa mali yanapofika Likasi, Kolwezi ao Lubumbashi, pale watu wa migodi wanaponunua unga kila siku kwa sababu wao hawalimi. Katikati ya shamba na soko kuna njia, juu ya njia kuna kamyoneti, na ndani ya kamyoneti kuna motere. Motere ikifa njiani, kazi yenu ya miezi sita imelala pamoja nayo.

Kamyoneti ya chama chenu iko pale chini ya mwembe. Jana jioni iliporudi sote tulisikia sauti yake. Watoto wanaiiga tayari. Mahindi ya kwanza yamejaa ghalani, nanyi mmeamua kwamba siku ya posho itapakia. Ndiyo sababu nimeomba ruhusa kwa mzee wa mugini niseme leo, nisingoje juma lijalo.

Kwanza niwaambie kosa langu mwenyewe.

Miaka minne iliyopita nilikuwa bado najifunza kazi hii. Nilitumwa kufuatana na mahindi ya mugini mwingine, mifuko 30 ya kilo 50, juu ya kamyoneti isiyofanywa kupakia zaidi ya tani moja. Hesabuni wenyewe: ni kilo 1,500. Ulikuwa mwezi wa nne, na mvua za mwisho hazijakwisha. Shofere alikuwa mtu mzima, mwenye umri wa baba yangu. Tulipopanda kilima cha kwanza nikasikia ka-ka-ka-ka mbele ya miguu yangu. Nikamwuliza, «Baba, ni kitu gani hiki?» Akanijibu, «Ni esansi hii ya njiani, mwanangu. Itazoea.» Nikanyamaza. Kilima cha pili ikawa vile vile.

Mchana sauti ikageuka. Haikuwa tena ka-ka-ka, ikawa ku, ku, ku, sauti nzito, nayo haikutoka hata tulipokwenda mahali sawasawa. Taa nyekundu ya mafuta ikawaka, ikazimika, ikawaka tena. Mimi niliiona taa ile. Nilijua maana yake, kwa maana nilikuwa nimefundishwa. Lakini nikasema moyoni: Mimi ni mtoto, na yeye ni shofere tangu miaka 20, nitamwambiaje asimamishe? Baada ya kilometa chache tukasikia kishindo kimoja, moshi ukajaa, na mafuta yakamwagika njiani. Bieli ilikuwa imevunjika, ikatoboa ubavu wa motere. Mtu angeweza kutia mkono ndani ya tundu lile.

Tulilala pale siku mbili. Turubai lilikuwa limepasuka, na usiku wa pili mvua ikanyesha. Mwenye lori mmoja akapita, akatoa bei chini ya nusu, nasi tukakubali, kwa maana mahindi yaliyolowa hayangoji. Mama mmoja wa mugini ule alikuwa na mifuko sita katika mzigo, ndiyo mali ya shule ya watoto wake wawili. Nilipomhesabia franka zake hakunigombeza. Alizitazama tu, akazifunga katika kitambaa. Ingekuwa heri kwangu kama angenigombeza.

Baada ya mambo hayo nilimtafuta mzee mmoja mekanisyen, aliyefanya kazi miaka mingi katika garaji la mgodi, naye sasa anapumzika kwake. Nilikwenda kwake siku za Mungu baada ya sala, nikamshikia taa na ufunguo, naye akanifundisha. Ninayowaambia leo mengi yanatoka kwake.

Neno lake la kwanza lilikuwa hili: motere ina kugonga kwa namna mbili, kugonga kwa moto na kugonga kwa chuma. Kugonga kwa moto kunatengenezwa kwa fedha kidogo, mara nyingine bila fedha. Kugonga kwa chuma kunataka motere izimwe pale pale. Na kugonga kwa moto kukiachwa muda mrefu kunazaa kugonga kwa chuma. Hivyo ndivyo ilivyotupata sisi.

Sikieni vema namna motere inavyofanya kazi. Ndani yake kuna silinda nne, ni kama vinu vinne. Ndani ya kila kinu kuna mtwangio, unaitwa pistoni. Pistoni ikishuka inavuta hewa iliyochanganyika na esansi. Ikipanda inaibana hewa ile mpaka inakuwa ndogo mara 8 ao 9. Ndipo buji inatoa cheche, hewa inawaka, na pistoni inasukumwa chini kwa nguvu. Pistoni imeshikwa na mkono wa chuma, ndio bieli. Bieli inashika mhimili uliopindika, jina lake vilibrekeni, nao mwisho unazungusha magurudumu. Kati ya bieli na mhimili kuna vipande viwili vyembamba vya chuma laini, vinaitwa kusine. Na kati ya kusine na mhimili kuna utando wa mafuta, mwembamba kuliko unywele wa mtu. Utando ule ukikosekana, chuma kinakutana na chuma.

Sasa moto. Ninyi mnajua moto wa pori wa mwezi wa nane. Mkiutia upande mmoja, unakwenda kwa mstari, unakula nyasi kidogo kidogo mpaka upande wa pili. Hata unapokwenda mbio, mnaona unatoka wapi na unakwenda wapi. Katika silinda ni vile vile. Moto unaanza kwa buji na kusafiri mpaka ukuta wa mbali. Safari ni fupi sana, lakini ni safari, na pistoni inasukumwa taratibu. Lakini joto likiwa kali mno, ao hewa ikibanwa mno, ao esansi ikiwa dhaifu, basi ile hewa ya upande wa mbali haingoji mstari wa moto ufike. Inawaka yenyewe, yote kwa mara moja. Inapiga kuta za silinda na kichwa cha pistoni kama nyundo. Ile ndiyo sauti mnayosikia, kama mahindi makavu yanayomwagwa juu ya bati. Nyundo ile inapiga mara nyingi katika kila dakika. Inavunja kingo za pistoni penye pete zake, mara nyingine inayeyusha kichwa chake mpaka tundu, nayo inatwanga kusine bila kupumzika.

Kwa nini esansi moja inavumilia kubanwa na nyingine haivumilii? Uvumilivu huo una kipimo, kinaitwa oktani. Graham Edgar wa Marekani alikitoa mwaka 1926. Namba ikiwa kubwa, esansi inavumilia zaidi. Mbele ya hapo, mwaka 1921, Thomas Midgley, naye wa Marekani, alikuwa ameona kwamba dawa yenye risasi ndani yake, ikitiwa kidogo katika esansi, inanyamazisha motere. Dunia nzima ikaitumia. Lakini risasi ni sumu, inaharibu akili za watoto wanaovuta moshi wake. Nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara ziliiacha kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani kuuza esansi ile kwa motokari, mwaka 2021. Kwa hiyo mtu akiwajia na chupa akisema ni dawa ya risasi kama ya zamani, mfukuzeni.

Nasema mengi juu ya esansi kwa sababu hapa kwetu ndiyo asili ya taabu nyingi. Pompi ni za mbali. Kando ya njia esansi inauzwa katika chupa na bidoni, na petroli ya taa bei yake mara nyingi ni ndogo kuliko ya esansi. Mtu mwenye tamaa anachanganya. Petroli ya taa inawaka vizuri katika taa yako, lakini ikibanwa haivumilii hata kidogo. Bidoni moja iliyochanganywa inatosha kugongesha motere nzima.

Kuna namna ya kuijaribu. Chukueni karatasi nyeupe, safi. Tieni matone mawili ya esansi, ngojeni dakika chache kivulini. Esansi safi inakauka yote, karatasi inabaki nyeupe. Ikiwa na petroli ao mazutu, inaacha alama ya mafuta isiyokauka. Fanyeni hivyo mbele ya mwenye kuuza, kabla hamjatoa fedha. Atawachukia kidogo, si neno. Lakini mbali na moto, mbali na tumbako! Tena msinyonye esansi kwa kinywa mnapoitoa katika tanki. Nimeona kijana aliyeingiza esansi kifuani, na kupona kwake kulikuwa kwa shida.

Ikiwa tanki imekwisha kutiwa esansi mbaya, toeni yote, tieni safi, nendeni kilima kile kile na mzigo ule ule. Sauti ikikwisha, kazi imekwisha. Hamkununua hata buji moja.

Ikiwa esansi ni safi na sauti iko bado, tazameni shofere. Kuna shofere anayependa kupanda kilima kwa vitesi ya nne, motere inazunguka polepole, inatetemeka, naye anakanyaga mpaka chini. Anadhani anapunguza matumizi ya esansi, kumbe anaua motere. Arudishe vitesi ya tatu ao ya pili, aache motere izunguke upesi, na ainue mguu kidogo. Na mzigo uwe ule ulioandikwa.

Kisha maji. Motere yenye joto kali inagonga hata kwa esansi safi. Tazameni maji ya radiateri asubuhi, ikiwa baridi. Kamwe msifungue kifuniko motere ikiwa moto, maji yale yatachoma uso. Tazameni mkanda wa vantilateri kama haukulegea, na mbele ya radiateri kama hapakujaa mbegu za nyasi na panzi. Msicheke. Njia zetu mwezi wa nne zina nyasi ndefu katikati, na nimetoa kikapu kizima cha mbegu katika radiateri moja. Ikapoa siku ile ile.

Neno la alimaji ni gumu kidogo, shofere anisikie. Alimaji ni saa ya cheche. Mmewaona mama wawili wakitwanga katika kinu kimoja. Kila mmoja anajua saa yake ya kushusha mtwangio. Mmoja akishusha mapema, mitwangio inagongana. Cheche nayo ikitoka mapema mno, moto unaanza kusukuma pistoni chini nayo bado inapanda. Ndipo inagonga.

Katika kamyoneti za zamani saa ya cheche inawekwa kwa deliko. Kwanza kwarueni alama kwa msumari juu ya deliko na juu ya motere, ili mjue mlikotoka. Legezeni bulone yake kidogo tu. Ndani ya deliko kuna kidole kinachozunguka. Mkiizungusha deliko kwa kukifuata kidole kule kinakokwenda, cheche inachelewa. Mkiizungusha kwa kukikuta, inatangulia. Izungusheni kwa unene wa njiti ya kiberiti, si zaidi, kazeni, mkajaribu kilimani. Mwenye taa ya alimaji ya garaji atumie taa, ni bora zaidi. Wala msicheleweshe mno ili kunyamazisha esansi mbaya, kwa sababu motere itakosa nguvu, itapata joto, nayo itakunywa esansi kama mlevi.

Hapa niseme neno la watu wanaokwenda kununua samaki. Sisi tunakaa juu. Lubumbashi yenyewe iko karibu meta 1,200 juu ya bahari, na hewa ya juu ni nyepesi, haibanwi sana katika silinda. Kwa hiyo motere inayonyamaza huku inaweza kugonga ikishuka Kasenga, kando ya mto Luapula, kwenye hewa nzito na joto. Si uchawi wa mto. Alimaji imewekwa mbele mno, na huku juu haikuonekana.

Fungueni na buji, mzitazame. Buji ya motere nzima ina rangi ya udongo mkavu. Ikiwa nyeupe kama mfupa, na juu yake vijitone vidogo vinavyong'aa, ile ni pistoni inayoyeyuka. Msiendelee. Ama hewa inaingia mahali isipopaswa, penye joani la karibirateri, na esansi haitoshi, ama alimaji imetangulia, ama buji ile si ya motere ile. Kuna buji zinazofanana kwa macho, lakini joto lake si moja. Someni namba yake. Ikiwa buji ni nyeusi, yenye masizi makavu, motere imekula esansi nyingi, na ndani ya silinda kuna gome la makaa. Gome lile linakaa na joto kama mkaa wa jikoni, nalo linapunguza nafasi, hewa inabanwa zaidi. Fundi atafungua kichwa cha motere na kulikwarua.

Hayo ndiyo ya moto. Sasa sikieni ya chuma.

Sauti ya chuma ni nzito. Inafuata mzunguko wa motere: ikienda upesi, inagonga upesi. Motere ikipata joto inazidi, kwa maana mafuta yamekuwa mepesi. Mguu ukiinuliwa ghafula haikwishi, mara nyingi ndipo inasikika zaidi. Sauti ya moto, kinyume, inakuja kilimani na mzigo, nayo mguu ukiinuliwa inakatika mara moja. Shikeni neno hili kuliko yote niliyosema leo: inueni mguu, msikilize.

Mkishuku chuma, zimeni motere kwanza, kisha tazameni mafuta. Kamyoneti isimame mahali sawasawa, ngojeni kidogo mafuta yashuke, vuteni fimbo ya kupimia, futeni, rudisheni, vuteni tena. Mafuta yawe kati ya alama mbili. Yakiwa chini, ongezeni, mwashe kwa muda mfupi mkisikiliza. Sauti ikikwisha na taa nyekundu ikazimika, mmeponea chupuchupu. Tafuteni mafuta yalitokea wapi. Sauti ikibaki, zimeni, msiwashe tena ili kwenda. Si kilometa moja, si mpaka mugini ule unaoonekana. Kuvuta kamyoneti kwa kamba ni aibu kidogo na gharama kidogo. Bieli ikitoboa ubavu, motere yote ni ya kutupa.

Yule mzee alinionyesha namna ya kujua ni silinda gani. Zimeni motere. Toeni waya wa buji ya kwanza na kuufunga vizuri ukigusa chuma cha motere, usirushe cheche ovyo. Washeni kidogo, sikilizeni, zimeni. Rudisheni, toeni wa pili. Waya ukitolewa na sauti ikapungua sana, bieli ya silinda ile ndiyo mgonjwa, maana sasa hakuna moto unaoisukuma. Tena chukueni turnavisi ndefu, ncha yake juu ya chuma cha motere, mpini wake sikioni. Mtasikia kama dakitari anayesikiliza kifua. Nguo ndefu na mikono mbali na vantilateri.

Si kila sauti ni ya bieli. Kuna pistoni iliyolegea katika silinda, inagonga asubuhi motere ikiwa baridi, baada ya dakika chache inanyamaza. Inaweza kufanya kazi siku nyingi, ongezeni mafuta na kuichunga. Kuna ti-ti-ti nyepesi juu ya motere, ni supapi. Kamyoneti nyingi za njia zetu ni Toyota Hilux za zamani, na baadhi yake zina motere 22R. Kwa motere ile, ikiwa moto, nafasi ya supapi ya kuingiza ni milimeta 0.20 na ya kutoa moshi 0.30. Motere hiyo hiyo, zile zilizofanywa tangu miaka ya 1980 zenye mnyororo wa safu moja, ina jambo lake. Mnyororo unaongozwa na vipande vya plastiki, navyo vinavunjika kwa uzee. Hapo unasikia kelele mbele ya motere asubuhi unapowasha, kama mnyororo wa mbwa juu ya bati. Wengi wanaiacha. Mnyororo unakwarua kifuniko kidogo kidogo mpaka unafika penye maji, na maji yanaingia katika mafuta. Mafuta yakiwa na rangi ya maziwa, msiwashe.

Na ikiwa sauti inakuja tu kamyoneti inapotembea, nayo ikisimama motere inanyamaza hata mkikanyaga, basi acheni motere, tazameni kardani na magurudumu. Motere ya mazutu ni habari nyingine, yenyewe inagonga tangu kuzaliwa. Shofere wake anasikiliza kama sauti imegeuka.

Kutengeneza bieli si kazi ya chini ya mwembe. Lakini mjue ya kumwuliza fundi, maana fedha ni zenu. Amwage mafuta katika beseni safi juani, mtazame kama yanang'aa kama mchanga wa mto. Mtie sumaku: chuma kigumu kitashika, lakini unga wa kusine hautashika, kwa hiyo sumaku tupu si dalili ya uzima. Akifungua karteri, kila kofia ya bieli apige alama na kuirudisha mahali pake, upande ule ule. Apime mhimili kwa chombo cha kupimia, si kwa ukucha. Mhimili ukiwa na mikwaruzo, kutia kusine mpya juu yake ni kutupa fedha. Lazima ukwaruliwe kwa mashini na kutiwa kusine nene zaidi, kwa kawaida kwa milimeta 0.25. Aoshe matundu ya mafuta, atazame pompi ya mafuta na chujio lake, atie filteri mpya. Na akaze bulone kwa ufunguo wenye kipimo.

Nimesikia mashofere wakijisifu kwamba walikata ngozi ya mshipi na kuitia mahali pa kusine. Ni kweli, inafanyika. Inamfikisha mtu nyumbani polepole, gari tupu. Haipeleki mahindi ya watu.

Neno moja kwa wale wanaotaka kununua kamyoneti ya mkono wa pili. Kuna watu wanatia mafuta mazito sana katika motere inayogonga, ikanyamaza muda wa kuuza. Nendeni alfajiri, bila kuwapasha habari. Shikeni motere kwa mkono, iwe baridi. Mkiikuta moto tayari, ulizeni kwa nini. Kisha itembezeni mpaka ipate joto, na kilima kiwepo. Tena vuteni fimbo ya kupimia. Mafuta yakivutika kama asali, rudini nyumbani na fedha zenu.

Sasa nina ombi kwa wazee. Kwa desturi yetu mtoto hamwambii mkubwa «simama». Ni desturi njema, nami nililelewa nayo. Lakini ndani ya kamyoneti yenye mali ya watu 40, naomba mtoe ruhusa mbele ya wote. Yeyote anayesikia sauti imegeuka, ao anayeona taa nyekundu, hata akiwa kijana anayeketi juu ya mifuko, apige bati kwa mkono, na shofere asimamishe bila kumgombeza. Shofere wetu yupo hapa, amekaa nyuma. Nimesema naye jana usiku, naye amekubali kwanza kabla yenu. Namheshimu sana kwa neno hilo.

Mmeniuliza njiani: Basi hii yetu, ni moto ao ni chuma? Jana iligonga kilimani, na mguu ulipoinuliwa ilikatika. Ni dalili njema. Lakini tanki ina esansi ya bidoni, na fimbo ya mafuta ilikuwa chini ya alama, na sauti mbili zinaweza kukaa katika motere moja. Kwa hiyo kesho, kabla ya jua, nitakuwa pale chini ya mwembe pamoja na shofere. Mleteni karatasi nyeupe, beseni safi, na turnavisi ndefu ya fundi wa baiskeli. Tutamwaga esansi yote. Tutaiwasha ikiwa baridi, tutasikiliza, kisha tutapakia mifuko 20, si 30, na kupanda kilima cha kisima mara mbili. Ikinyamaza, siku ya posho inakwenda. Ikigonga ku, ku, ku, mifuko inarudi ghalani juu ya mbao, mbali na ukuta, nami nitakwenda kwa baiskeli kumtafuta yule mzee.